Ngombe Iliyoteremushwa Walikale

Miaka ile, mbele ya mwaka wa hamsini na hata kisha yake, ukisimama Kibua siku ya soko ulikuwa unasikia bishano moja tu: kati ya Masisi na Walikale, muji gani iko mukubwa. Kibua iko katikati ya njia. Watu wa juu, wa Masisi, walikuwa wanashuka na maharagi na siagi, watu wa pori, wa Walikale, wanaleta mafuta ya ngazi, ile ya mawese, na ndizi, na mbele ya kubadilishana vitu wanatukanana kwanza, kwa kicheko.

"Ninyi wa Masisi, muji gani ile? Ukungu ikishuka, hata kuku yenu inapotea njia ya nyumba!"

"Na ninyi? Kwenu muntu anaamuka anauliza jua iko wapi. Miti njo inatawala Walikale, si watu."

Mimi nilicheka na pande zote mbili, juu miguu yangu haikujua kukaa pahali pamoja. Mwezi huu ninalima barabara, mwezi ule ninabeba mizigo. Hata shule nilisoma hivyo, vipande vipande, kila misioni ikinifundisha kidogo kisha ninaondoka. Basi naweza kusema nilichoona. Masisi ilikuwa nyumba ya Leta, ni kusema serikali, gereza, dispansere, maduka mbili tatu, kisha vilima. Walikale ilikuwa nyumba ya Leta, gereza, dispansere, maduka mbili tatu, kisha pori. Ni hiyo tu.

Watu ndio walikuwa mbalimbali. Muntu wa Masisi akipata kitu kizuri anakitunza, anataka mwaka kesho akikute kimeongezeka. Muntu wa Walikale akipata kitu kizuri hawezi kulala mbele jirani hawajaonja. Kila upande ulifikiri ule mwingine hauna akili.

Gatera alikuwa mufugaji wa Burungu, katika vilima vya Masisi, mukristu wa zamani, muntu wa maneno machache isipokuwa kama umetaja Walikale. Binti yake Kanyange aliolewa na Honoré, infirmier kijana aliyetunza wagonjwa kwenye dispansere ya Masisi. Honoré alitoa ngombe ya mahari, wakafunga ndoa kanisani, kisha wakubwa wake wakamurudisha kwao Walikale. Kanyange akamufuata. Tangu siku ile mambo ya soko yakaingia nyumbani mwa Gatera. Mukwe mwenzake, Papa Léonard, baba ya Honoré, alikuwa kapita, musimamizi wa watu wa kazi ya barabara. Kila muchukuzi aliyepanda alibeba neno lake la mchezo, na kila aliyeshuka alibeba jibu la Gatera. Na hakuna hata mumoja wao aliyekuwa ameona muji wa mwenzake; hata siku ya ndoa kazi ilimuzuia Léonard kupanda.

Ngombe ya mahari ikazaa jike. Kwa watu wa Gatera, ngombe ya mahari ikizaa, baba anatolea binti yake mutoto wa ngombe ile. Ni kamba ya kufunga nyumba mbili. Ile mutamba ilipokomaa, watu wote walimwambia aiache Burungu, ile jina la Kanyange iliyo juu yake inatosha, kule chini hakuna majani na nzi wa pori wanaua ngombe. Muke wake Vénantie alimwambia vilevile. Lakini juma lile lile neno la Léonard likafika: "Wanasema Masisi ni mukubwa juu ya ngombe. Sisi hatujaona hata mukia."

Gatera akasimama. "Itashuka. Walikale ione Masisi."

Akamupa kazi ile mwana wake Nzabonimpa, na mimi nikapewa kubeba majani ya ngombe ya kula njiani. Asubuhi ya kuondoka alimufundisha mwana wake maneno mbele yetu. "Utasimama mbele ya wakwe, utasema: hii ni ngombe ya kuzaa, si ya kisu. Kisha umwambie dada yako, siku itakapozaa, apande na mutoto mugongoni, atuletee siagi yake. Mbele ya hapo asije. Siagi yake itanionyesha kama amepata kwake kule."

Vénantie akasema, "Baba Nzabonimpa, mutoto aje tu. Siagi tuko nayo."

"Nimesema."

Kanyange alikuwa amezaa mutoto mwanaume, na Vénantie alikuwa hajamuona.

Tulitembea polepole. Nzabonimpa alikuwa anarudilia maneno ya baba yake, hata mimi niliyashika. Lakini tulipoingia Walikale, watoto walikimbia mbele yetu wakipiga kelele, wanaume wakatoka, na Papa Léonard akasimama barabarani, mikono kiunoni.

"Kumbe njo hii! Nilifikiri ni kubwa kama nyumba. Masisi mulikuwa munajisifu juu ya kambuzi hii?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nzabonimpa alikuwa kijana, damu ikamupanda.

"Papa, kwetu hii ni ya watoto kuchezea! Baba amesema: Walikale ione Masisi!"

"Tumeona! Na leo Masisi ataona Walikale. Mutakaribishwa namna hamujakaribishwa kwenu!"

Wakapiga mikono. Maneno ya kuzaa hayakutoka. Nzabonimpa alifikiri atayasema tukikaa, dada yake akiwa pale, juu Kanyange alikuwa shambani na Honoré alikuwa amekwenda vijijini kuchanja watu. Wakatupeleka mutoni Lowa kunawa. Tuliporudi, nyama ilikuwa juu ya majani ya ndizi, imekatwa mafungu, kila nyumba fungu lake. Muguu mumoja ulikuwa tayari juu ya moshi.

"Ule ni wa mukwe wangu," Papa Léonard akasema, uso unangaa. "Muguu muzima! Wa kwetu hatupewi hivyo."

Nzabonimpa aliona ngozi imetandikwa kando. Alikaa chini pale pale, kama muntu wa kuvunjika kiuno.

Kanyange akatokea na kitunga cha mihogo kichwani na mutoto mugongoni. Aliona kaka yake kwanza, akafurahi, akaita jina lake. Kisha akaona ngozi.

"Ngombe ya nani hii?"

Akaweka kitunga chini. "Nzabonimpa. Ngombe ya nani?"

"Yako."

"Baba alisema nini?"

Akamwambia yote, ya kuzaa, ya siagi, ya kutopanda mbele. Papa Léonard alisikia. Kisu kikamutoka mukononi.

"Mama, juu ya nini hakuna aliyeniambia? Kwetu mugeni akileta nyama tunakula naye. Tukiifunga tu, watasema Léonard ni muchoyo. Ningefanya nini?"

"Ungeningoja, Papa," Kanyange akasema. "Nilikuwa shambani tu."

Nzabonimpa alikataa kubeba ule muguu. Tulipanda na kamba tupu ya ngombe mukononi. Gatera alisikiliza mupaka mwisho, akauliza, "Uliwaambia ni ya kuzaa?" Kijana akainama. Gatera angeweza kucheka, ao kutoa ngombe nyingine. Alikuwa nazo. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu, na Walikale wote walikuwa wamekula. "Nilisema ngombe ikizaa," akajibu kila aliyemuomba. Kanyange alituma watu kuomba ruhusa ya kupanda, Honoré alituma watu, padiri alimukemea. Akakaa vile. Kule Kibua, mwana wake akitokea sokoni, watu waliacha bishano lao.

Ikapita miaka tano. Vénantie akakufa, anaulizia mutoto.

Kisha Gatera, muzee na fimbo, akashuka na mwana wake, lakini kufika Kibua magoti yakakataa. Mimi nilikuwa ninakwenda Mubi, kisha ya Walikale, kutafuta kazi, nikapitisha neno lake kwa Kanyange. Kanyange akaja na kijana wake, na mimba ingine tumboni, hawezi kupanda vilima. Walikaa barazani kwa muntu, baba na binti, tangu adhuhuri mupaka jua ikianza kushuka. Hakuna aliyetaja ngombe.

"Walikale iko mukubwa?" Gatera akauliza.

"Apana, Baba. Ni kadogo."

"Hata Masisi," akasema. "Hata Masisi ni kadogo."

Akanyoosha mikono amubebe mujukuu. Kijana alikuwa amekwisha kungoka meno ya mbele, si wa kubebwa tena. Alimutazama muzee yule asiyemujua, akasogea nyuma ya mama yake, akashika kitenge. Kanyange akamusukuma kidogo, "Enda, ni Babu." Akakataa. Gatera akasema, "Mwache," akakaa na mikono yake juu ya magoti mupaka Nzabonimpa alipokuja kumuinua.