Kopo la Ufunguzi

Ukimwomba Mtanzania viti, hakuulizi vya nini. Anakuuliza kamati imeshaundwa au bado. Mimi nilijisahau, nikaomba viti, na ndiyo maana jioni ya mwisho ya Bibi Liang kijijini kwetu ilikuwa na kaulimbiu, itifaki na spika mbili kubwa kama makabati.

Kijiji chetu kiko kaskazini mwa Guangzhou, nyuma ya uwanja wa ndege wa Baiyun, mahali ambapo ndege zinapita chini mpaka kuku wamezizoea. Nilipanga huku kwa sababu chumba cha chini kinatosha marobota ya nguo ninazonunua soko la jumla la Guangyuan Xi, na kodi yake ni ya kibinadamu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bibi Liang, mjane mfupi, mkali, mwenye kofia ya majani ambayo nadhani hata kulala alilala nayo. Mwanzoni hakunijibu salamu. Nikampelekea chapati. Asubuhi nikakuta sahani yangu mlangoni, imeoshwa, na juu yake fungu la maharage marefu mabichi. Tangu hapo tukawa majirani.

Kila Jumapili alasiri Bibi Liang alipiga shabaha kwa manati. Nyuma ya nyumba yake, katikati ya miti ya malichi, alitundika makopo matupu ya bia kwenye kamba, na nyuma ya makopo akaning'iniza blanketi kuukuu la kudaka gololi za udongo, ambazo alizifinyanga na kuzikausha mwenyewe. Wazee wenzake walikuja na vigoda na chupa za chai. Walipiga kwa zamu, wakataniana, wakagombana nani kavuka mstari, wakaenda kwao. Manati yake yalikuwa ya mti wa mpera, sawasawa na yale ya kaka zangu kule Tanga, ambayo sisi wasichana tulikatazwa hata kuyashika. Siku ya kwanza aliponipa nijaribu nilipiga blanketi. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilichukia kweli, nikarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka nami nikawa wa kugombana kuhusu mstari.

Kisha mwanawe anayefanya kazi mjini akaamua mama ahamie kwake, ghorofani juu kabisa, kwenye jengo lenye lifti na walinzi wasiotaka kusikia habari za manati. Bibi Liang hakubisha. Alikwishaanguka bafuni, na mwenyewe alijua miguu haimtii tena. Ila aliniita ukutani, akanisemesha Kichina chepesi anachonisemesha mimi.

"Jumapili mwanangu anakuja kunichukua jioni. Kabla hajafika tupige. Nataka kopo langu la mwisho nilipige hapa, kwangu. Njoo na chapati."

Ombi lilikuwa hilo tu. Vigoda vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi, nikaona wazee watakaa wapi, nikampigia simu Burhani.

Burhani ni mwenyekiti. Ukiniuliza wa nini, sijui. Popote Guangzhou wanapokutana Watanzania zaidi ya wawili, mwenyekiti wao ni yeye, na viti viko stoo kwake.

"Viti vya nini, Da' Mwanahija?"

"Namuaga jirani yangu, kaka. Tutapiga makopo kwa manati, tunywe chai, basi."

"Mgeni rasmi nani?"

"Hakuna mgeni rasmi."

"Sasa atafungua nani?"

"Kaka Burhani, ni makopo ya bia."

"Da' Mwanahija, shughuli bila mgeni rasmi ni mkusanyiko. Na mkusanyiko nchi za watu si jambo zuri. Niachie mimi."

Kesho yake nilijikuta kwenye kundi la simu liitwalo Kamati ya Maandalizi ya Bonanza la Shabaha na Ujirani Mwema. Nikajitoa. Wakanirudisha, wakaniweka kamati ndogo ya chakula. Katibu alikuwa Vedasto, kijana wa Bukoba anayesomea udaktari wa falsafa, ambaye Kichina chake ni kizuri kuliko tabia yake ya kukitumia. Aliteuliwa pia kuwa emsii na mkalimani. Mgeni rasmi akapatikana: Theophil, mwenye kampuni ya kago inayosafirisha mizigo yetu kutoka bandari ya Nansha. Kwao Moshi anaitwa Theo. Hapa, kwa kuwa kontena zetu zote zinapita mikononi mwake, ni Mheshimiwa.

Jumapili ilipofika, uwanja wa Bibi Liang sikuutambua. Paliwekwa turubai, meza kuu yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na bango lenye picha ya Mheshimiwa akitabasamu. Bibi Liang alikalishwa mstari wa pili, kwa sababu meza kuu ilikuwa imejaa. Walimbandika ua kifuani. Alikuja na manati mfukoni na gololi kwenye kikopo cha maziwa.

"Tunaanza?" akaniuliza.

"Bado, bibi. Tunamsubiri laoban mmoja."

Laoban ni bosi, na kwa Bibi Liang bosi lazima awe wa kitu. "Laoban wa nini?"

"Wa kontena."

Akafikiri. "Anapiga vizuri?"

"Sijui, bibi."

Tulisubiri. Nansha iko kusini kabisa mwa jiji na sisi tuko kaskazini, lakini hata kwa umbali huo mtu angefika mapema kama angeona haya. Wazee wa kijiji huku hula chakula cha jioni jua likiwa bado juu. Walikaa kwa heshima, wakatazama bango, wakatazama saa, kisha mmoja mmoja wakamshika Bibi Liang bega na kwenda kupika wali wao. Kila aliyeondoka, Vedasto alimshukuru kwenye kipaza sauti kwa kuhudhuria.

Mheshimiwa alifika jua limegusa miti. Tulisimama. Ilisomwa risala, akajibu risala. Alisema maisha ni shabaha, biashara ni shabaha, na kwamba bei ya kago itapanda mwezi ujao. Tulipiga makofi hata hapo. Nilijisikia vibaya, lakini nami nilipiga, maana mzigo wangu ulikuwa kwake.

Ndipo Burhani akamwendea Bibi Liang kumwomba manati. Mama wa watu uso ukamng'aa. Akayatoa, na kikopo cha gololi pia, akasogea ukingoni mwa kiti akidhani mchezo umeanza na zamu yake inakuja.

Mheshimiwa akavuta, akaachia. Gololi ikaenda kwenye malichi. Akavuta tena, ikaenda upande wa turubai na watu wa kamati ya chakula wakainama.

"Mheshimiwa anapasha misuli," akasema Vedasto.

"Mwacheni bibi apige, huyu atafuata," nikamnong'oneza Burhani.

"Kabla ya ufunguzi? Da' Mwanahija, usinitie aibu."

Kwa hiyo kopo likasogezwa karibu. Akakosa. Likasogezwa tena. Akakosa, akavua koti, akapewa maji. Mwishowe Burhani alilishika kopo kwa mkono wake mwenyewe, kageuza uso, kafumba macho, na Mheshimiwa akalipiga kutoka mahali ambapo angeweza kulipokea kwa mkono. Vigelegele, picha, "Nitangaze rasmi kwamba shughuli imefunguliwa." Na hapo hapo, kwa furaha ya kunusurika vidole, Burhani akatangaza kuwa kamati inamzawadia Mheshimiwa manati yale kama kumbukumbu.

Nilimtazama Bibi Liang. Hakuwa ameelewa. Alipoona watu wote wanapiga makofi naye alipiga.

Kiza kilikuwa kinaingia alipoitwa kutoa neno la shukrani. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwa upole kwamba chakula kinanukia vizuri, viti ni vingi, ahsanteni, na kwamba yeye alitaka tu kupiga kopo, je, sasa anaruhusiwa?

"Bibi anasema," akatafsiri Vedasto, "hana la kuongeza zaidi ya kumshukuru Mheshimiwa."

Makofi tena. Kisha itifaki ikahamia kwenye pilau. Gari la mwanawe lilikuwa limeshafika, linanguruma pembeni ya ukuta, maboksi yamepakiwa. Bibi Liang alilitoa ua kifuani, akaliweka kitini, akaanza kutembea kuelekea garini. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonipandisha hasira.

Nikaenda meza kuu. Manati yalikuwa kando ya sahani ya Mheshimiwa, yamepata mafuta ya pilau. Nikayachukua, pamoja na kikopo cha gololi.

"Da' Mwanahija," akasema Burhani kwa sauti ya chini, "hilo halimo kwenye ratiba."

"Na mzigo wako, dada?" akasema Mheshimiwa, mdomo umejaa.

"Upandishe bei," nikamwambia.

Nilimwomba mwana wa Bibi Liang ageuze gari, awashe taa zimulike kamba. Akasita, akamtazama mama yake, akawasha. Makopo yakang'aa mbele ya lile blanketi. Nikampa Bibi Liang manati yake; akayafuta mafuta kwenye suruali, akapiga hatua mpaka kwenye mstari, hakuuvuka, akavuta mpaka sikioni. Kopo la katikati lililia, likazunguka kwenye kamba kama lililopagawa.

Kutoka kwenye turubai, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akituona, sauti ya Vedasto ikapasuka kwenye spika: "Na kwa mlio huo, Mheshimiwa mgeni rasmi ametufungia rasmi bonanza letu." Wote wakasimama na sahani zao, vigelegele kama harusi.

Bibi Liang aligeuka, macho yamemtoka kwa furaha. "Wanampigia nani vigelegele?"

"Wewe, bibi," nikamwambia.

Na mimi siku ile nikawa mkalimani mwongo.