Breki ya Kona ya Kinu

Jumamosi mchana Kiponda aliipandisha pikipiki yake kwenye stendi ya kati, nyuma ya steji ya bodaboda ya Mishomoroni, akaanza kulifungua gurudumu la nyuma. Kazi hiyo hamwachii fundi tena. Fundi wa mwisho alimrudishia gurudumu bila boshi moja, na alipoulizwa akasema pikipiki za siku hizi haziihitaji. Isitoshe, Kiponda ni mtu asiyejua kutulia. Hata akinywa chai, mguu wake mmoja huwa njiani.

Alilegeza nati ya breki, akachomoa ekseli, akalisukuma gurudumu mbele mpaka cheni ikatoka kwenye meno yake. Vumbi alilifuta kwa kitambaa chenye petroli, na breki shuu akazikwaruza kwa msasa mpaka zikaacha kung'aa. Ndipo alipoona kwamba raba za ndani, zile za kupunguza mshtuko wa cheni, zimelika zote. Dukani zipo, lakini pale stejini hakuna anayezinunua. Kila mtu hukata ndara kuukuu akashindilia vipande. Mtaroni palikuwa na ndara moja ya kijani, ndogo. Aliikata bila kuuliza ni ya nani.

Alipomaliza alitoka mbio kwenda Kongowea kumchukua abiria. Kwenye Kona ya Kinu akakanyaga breki kidogo, kuijaribu tu. Pikipiki ilisimama. Lori la vitunguu lililokuwa likija likasimama nalo, na tuktuk nyuma yake, na mkokoteni wa mchukuzi Changawa ambao tangu uundwe haujawahi kuwa na breki.

"Si ungesema wasimama!" Changawa alifoka, magunia yakimsukuma mgongoni.

Kiponda aliomba radhi, akaachia breki, na wote wakaendelea na safari zao. Kule Kongowea breki ilisimamisha pikipiki peke yake. Aliporudi konani, ilisimamisha tena kila chenye magurudumu.

Hapo konani ndipo watoto wanapovukia kwenda shule. Wazazi walianza kuomba matuta siku barabara ilipotiwa lami, wakaambiwa matuta yapo kwenye mpango. Mwezi wa pili lori la mawe lilimgonga Fancy wa darasa la pili, akafa palepale. Matuta yakabaki kwenye mpango.

Mama yake Fancy, Pascalia, huuza viazi karai mkabala na steji. Jumamosi iliyofuata alimkuta Kiponda amelifungua gurudumu tena, akaviona vile vipande vya kijani.

"Hiyo ndara ya Fancy," alisema. "Ya kushoto."

Kiponda aliinuka, mikono imejaa grisi. "Nisamehe, mama. Niliiokota mtaroni, sikujua. Naitoa sasa hivi."

"Iache. Ya kulia ninayo nyumbani." Aliinama akavitazama. "Kila asubuhi nilimwambia, ukifika konani simama kwanza. Simama kwanza, mwanangu."

Kisha alilia, kwa sauti, mchana kweupe, na Kiponda asiyejua kutulia akasimama naye mpaka alipomaliza. Halafu Pascalia akarudi kwenye karai, maana mafuta yalikuwa yakiungua.

Tangu Jumatatu iliyofuata Kiponda akawa mtu wa konani, asubuhi na wakati wa kutoka shule, mguu juu ya breki. Malori yalisimama, watoto wakavuka, na madereva wakapata nafasi ya kujibu simu zao. Aliyelalamika ni mwenye gari la mikate tu, akasema mikate inapoa. Abiria wa Mkomani waliompigia Kiponda walibebwa na Lenox, mwenzake wa stejini. Kukaa pale kulimla Kiponda. Alizungusha shingo, akapiga honi pasipo na mtu, akaitazama barabara ya Kongowea kama mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani.

Na raba zilikuwa zikilika. Kila alipolifungua gurudumu, kijani kilikuwa kimepungua, na malori yakawa yanasimama karibu zaidi na watoto.

Pascalia alikwenda ofisi ya barabara, akarudi na mhandisi aliyevaa koti la kung'aa. Mhandisi alitazama malori yakisimama, akafurahi sana.

"Mama, matuta huwekwa penye ajali. Hapa tangu mwezi wa pili hapajatokea ajali."

"Ni kwa sababu ya breki, mzee," alisema Kiponda. "Na raba zinaisha."

"Basi itunzeni."

Aliingia garini. Kiponda akaachia breki ili mhandisi aweze kuondoka.

"Wewe lala nyumbani siku moja tu, buda," Lenox alimshauri. "Wakiona damu watajenga."

"Na huyo wa kugongwa, utamchagua wewe au nimchague mimi?"

Lenox aliwatazama watoto, akawasha pikipiki yake akaenda zake.

Ijumaa moja lori la mawe lilisimama bampa ikigusa begi la mtoto. Kesho yake Kiponda alifungua gurudumu, akakuta unga wa kijani tu. Pascalia alikuja na kitu amekifunga kwenye leso. Ndara ya kulia ilikuwa imeoshwa, na alama ya kidole gumba bado ilikuwepo.

"Kata," alisema.

Kiponda alishika kisu asikate. Mguu wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Na hii ikiisha, mama?"

"Mwanangu alikuwa na miguu miwili tu, Kiponda. Kata."

Akakata. Alishindilia vipande, akarudisha gurudumu, akakaza ekseli, akazungusha nati ya breki mpaka akasikia inagusa, akailegeza kidogo. Jumatatu malori yalisimama mbali, kama mwanzo, na watoto wakavuka wakicheka. Pascalia alikuwa akikaanga viazi, na matuta yalikuwa kwenye mpango.