Kiti cha Selo

Kuanzia Tororo mpaka Busia, alijisifu Hamuza, hakuna ala ya muziki ambayo nyaya zake zingeshindwa kuiiga. "Nipe redio mbili mbovu na msumari," alisema, "nitakutolea selo ambayo hata mama wa mpigaji hataijua tofauti yake." Alikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne, na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stesheni ya Tororo. Domo alizaliwa nalo.

Siku ya tatu baada ya majigambo hayo, mama wa mpigaji akaja kusikiliza.

Aliitwa Taaka, mkulima wa mihogo kutoka Busia, upande wa Uganda. Mwanawe Okochi alipiga selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti, katika okestra ya misheni. Mwezi wa pili mwaka ule wa sabini na saba, wanajeshi walimtia kwenye buti ya gari mchana kweupe, na tangu hapo kumtaja jina kukawa kosa. Matanga hayakuwekwa, kwa kuwa maiti haikuonekana. Wala hakuna aliyethubutu kuuliza, kwa kuwa muulizaji naye hufuatwa. Wapigaji kumi na wawili wakabaki wanne. Wengine walivuka kwenda Kenya kwa njia za panya, fidla zao zimefichwa katika magunia ya kahawa.

Selo waliyoikosa, Hamuza aliwaahidi kuiunda. Akazungusha kidude. Spika ikanguruma sauti nene, ndefu, isiyo na pumzi. Mama Taaka akasikiliza kwa adabu, kama mgeni aliyepewa chai isiyo na sukari.

"Huyu si mwanangu," akasema. "Huyu nyuki ndani ya chupa."

Loy, dada yake Okochi na mpigaji wa fidla ya kwanza, akaangua kicheko, cha kwanza tangu kaka yake achukuliwe. Kisha akamgeukia Hamuza.

"Basi usimwige. Mwache nyuki awe nyuki. Watu wasikie wazi kwamba hapo hapigi mtu. Watajiuliza mwenyewe yuko wapi."

"Na wakiniuliza mimi?"

"Si una domo wewe?"

Kazi ikaanza. Hamuza alikuwa na rekoda mbili: moja ikicheza, nyingine ikinasa. Fidla nne zikapiga, zikanaswa. Tatu zikapiga tena juu ya kivuli chao wenyewe, zikawa saba kwenye utepe; ukiongeza zile nne za jukwaani, kumi na moja. Palipokosewa alikata utepe kwa wembe akaunga kwa gundi, mpaka vidole vyake vikafanana na vya mchuna samaki. Sauti ya nyuki akaitenga kwenye rekoda ya pili, na spika yake, alisema Loy, itawekwa juu ya kiti cha Okochi. Mama Taaka alidai jambo moja tu: kiti hicho kisiondolewe. "Mtoto wangu hana kaburi," alisema. "Awe na kiti."

Mwalimu Erisa, kiongozi wa okestra, akaomba kibali cha kufanya tamasha Jumamosi alasiri. Siku hizo kila mkusanyiko ulitaka kibali, na kila kibali kilikuja na kapteni wake.

Sasa, okestra ile ilikuwa na desturi. Hakuna aliyekaza uzi wa fidla yake kabla selo haijatoa sauti ya kwanza. Wote walijipima kwake. Ikishuka, wanashuka, ikipanda, wanapanda. Mzee Erisa alisema nyumba hupimwa kutoka kwenye msingi, si kutoka kwenye paa.

Na Hamuza naye alikuwa na desturi yake, ya kujionyesha. Rekoda zake zilitumia betri ya lori, maana umeme wa Tororo ulikuja kama shemeji, ukipenda. Tangu asubuhi ya Jumamosi aliwapigia wachuuzi wa sokoni. "Sikieni huyo! Sikieni na huyu!" Wakapiga makofi, akarudia. Wakapiga tena, akarudia tena. Betri haikupigiwa makofi na mtu.

Alasiri ukumbi ukajaa. Jukwaani wapigaji wanne, viti kumi na viwili. Nyuki akanguruma kutoka kiti cha Okochi, fidla zikajipima kwake, muziki ukaanza. Enyi mnaokunywa chai hapa, hamjasikia kitu! Kumi na wawili wakipiga, nanyi mnawaona wanne tu. Watu wakaanza kuhesabu viti kwa macho. Kisha wakaacha kuhesabu, wakaanza kukumbuka majina.

Katikati ya wimbo betri ikachoka. Rekoda zikalegea, nyuki akaanza kuzama kama mtu anayeteremka kisimani. Jasho likamtoka Hamuza. Fidla zikagongana na selo, sauti ikachacha.

Mwalimu Erisa angeweza kumnyamazisha nyuki. Badala yake aliinua mkono, akakigeukia kiti cha Okochi, akasubiri. Loy akalegeza uzi wake. Wa pili, wa tatu, wa nne, wote wakalegeza, wakamfuata Okochi huko chini aliko. Kisha wakapiga tena, taratibu, kwa sauti nzito ya kuogofya.

Kapteni akaruka kutoka kiti cha mbele.

"Nyinyi nafuata nani? Hapo hakuna mtu! Toa hii kiti!"

Askari wawili wakapanda jukwaani. Ndipo Hamuza aliposimama, kifua mbele, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Kiti kina mwenyewe, afande! Ni Okochi. Mlimchukua nyinyi. Tuambieni mmemweka wapi!" Ukumbi mzima ukasimama naye, watu mia tatu, kila mmoja akilitaja jina la mtu wake. Askari hawakujua waanze kumkamata nani. Kabla hawajajua, watu walikuwa wameshatoka kupitia madirishani, na kabla ya jua kutua okestra nzima ilikuwa hapa Busia ya Kenya, pamoja na kile kiti. Na yote kwa sababu Hamuza yule hakuogopa...

"Hamuza yupi?"

Kikombe kiliwekwa mezani nyuma ya msimulizi. Mama Taaka alikuwa ameingia hotelini bila hodi.

"Maliza basi, baba. Waambie wageni nani alisema maneno hayo. Maana mimi nilipokuwa nayasema nilitazama chini, nikaona soli zako mbili zimechomoza chini ya meza, na Loy anakuvuta mguu utoke."

Hotelini watu wote wakageuka kumtazama msimulizi.

"Betri, mama," akasema Hamuza. "Nilikuwa naangalia betri."