Mtoto Chini ya Kitambaa cha Njano

Vidyavati aliligeuza vazi nje ndani, akalisogeza puani, kisha akalirudisha mezani kama mtu aliyeuziwa samaki aliyechacha.

"Gundi," alisema.

"Mama, hiyo ni kazi ya mkono," mwenye duka akaapa.

"Mkono wa nani? Huo ulioshika chupa ya gundi?"

Walikuwa wameshapita maduka mengi mno, na Omvir, mume wake, alikuwa ameacha hata kuuliza bei. Mji mtakatifu wa Vrindavan mzima ulikuwa unauza mavazi ya mungu Gopal: ya cherehani, ya shanga za plastiki, ya kumetameta hata macho yaume. Vidyavati alitaka lililotariziwa kwa uzi wa zari, mshono kwa mshono, kwa sababu sikukuu ya kuzaliwa kwa Gopal ilikuwa imekaribia na hakuwa tayari kumvika mwanawe takataka.

Mwanawe huyo alikuwa kikapuni, amekumbatiwa kifuani: Gopal wa shaba, ndiye mungu Krishna angali mchanga, wa kuenea kwenye kiganja, anatambaa kwa magoti na donge la siagi mkononi. Kila asubuhi alimwogesha, akamlisha. Mchana alimlaza, na usiku wa baridi alimfunika blanketi. Jirani zake kule kwao Etah nao walikuwa na wa kwao, na hakuna aliyeona ajabu. Aliyeona ajabu alikuwa Omvir peke yake.

"Baba Gopal, tujaribu kichochoro kile."

"Mimi si baba wa shaba," alijibu Omvir, kama alivyojibu miaka yote. "Na nina njaa."

Waliwahi kupata mtoto wa kiume, akafa hata jina hajapewa. Omvir ndiye aliyembeba kwenda kumzika, akarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu siku ile hakuwahi kumshika mtoto wa mtu yeyote, sembuse huyu wa shaba. Vidyavati alilijua hilo, na bado lilimuuma.

Katika duka la Bwana Girdhari alilipata alilolitaka. Lilikuwa la kijani, na nyuma yake vifundo vya uzi vilionekana kimoja kimoja. Duka lilijaa wanawake wanaosukumana, kila mmoja na mtoto wake wa kumpimia. Na kwa kuwa Gopal havuliwi nguo mbele za watu, Girdhari alimgawia kila mmoja kitambaa cha njano cha kumfunika. Mikono ikawa inafanya kazi chini ya kitambaa, ikivua, ikivika, ikifunga kamba kwa kupapasa.

"Haya, akina mama, nafunga! Mchana huu, watoto wakalale!"

Vidyavati alimvika wake lile la kijani, akamweka mezani, amefunikwa gubigubi, akageuka kulipa. Akasukumwa, akasukuma, akamnyakua mtoto na kutoka. Njiani hakumfunua. Mtoto aliyelala hafunuliwi njiani, macho ya watu si mazuri.

Alimfunua kwenye chumba cha nyumba ya wageni. Vazi lilikuwa jekundu.

Alidhani macho yanamdanganya. Akatazama uso. Gopal wake pua ilikuwa imelika kwa miaka ya kusuguliwa na maziwa ya mgando. Huyu pua yake ilikuwa imechongoka, na macho yamepakwa rangi juzijuzi.

"Huyu si wangu!"

Omvir aliyekuwa amejilaza akainua kichwa. "Gopal si Gopal? Shaba ni shaba. Mrembo kuliko yule, tena."

"Mtoto wa watu huyu! Na wangu yuko wapi? Yuko kwa nani?" Sauti ilimpasuka. Alizunguka chumba kile kidogo akitafuta ndara ambazo alikuwa amezivaa. "Kaa naye. Saa yake ya kula imefika. Siagi ile pale, na sukari ya mawe."

"Nani? Mimi?"

"Usimwache peke yake!" alipiga kelele akiwa tayari kwenye ngazi.

Duka lilikuwa limefungwa. Aligonga kwa ngumi, akagonga kwa kiatu, mpaka Girdhari akatokeza dirishani juu, macho mekundu ya usingizi.

"Mama, hata Mungu mwenyewe saa hizi amelala!"

"Aliyenunua jekundu ni nani?"

"Mnene, mwenye sauti. Amekuja na basi la mahujaji wa Bharatpur. Kimbia, wanaondoka mchana huu!"

Vidyavati alikimbia. Jua lilimchoma utosini, sari ilimkwaza, na tumbili mmoja alimvuta ncha ya ushungi akidhani amebeba chakula. Alimtukana tumbili yule tusi ambalo halitamkwi katika mji mtakatifu. Hakuwaza lolote ila kwamba basi litaondoka, na mtoto ataamka Bharatpur, katika nyumba ambayo hakuna anayejua kwamba hupenda maziwa yake yawe ya moto kidogo.

Basi lilikuwa linanguruma uwanjani. Alipanda bila kuuliza. Kwenye kiti cha mbele alikaa mwanamke mnene na kikapu mapajani, anaimba na wenzake.

"Dada, huyo uliyempakata ni wangu."

Wimbo ulikatika. Mwanamke yule, Mithlesh, akamtazama kama mwendawazimu. Kisha akainua pembe ya kitambaa, akaona kijani, na ukelele wake ukamfanya dereva azime injini.

"Wangu yuko wapi?"

"Nimemwacha na mume wangu."

"Na mwanamume! Atakuwa amekula kweli?"

Hilo ndilo Vidyavati aliloliogopa. Alimpokea Gopal wake, akapitisha kidole juu ya ile pua iliyolika, akamkumbatia kwa faraja. Lakini faraja haikudumu. Ndani ya bajaji, Mithlesh akimhimiza dereva kwa makofi ya begani, Vidyavati alimwona Omvir akilini: ametoka kwenda kula, mtoto wa watu ametupwa kitandani kifudifudi, nzi wanajilia siagi. Aibu ilimwingia mapema. Alianza hata kupanga maneno ya kumwomba Mithlesh radhi.

Walipanda ngazi wakihema. Mithlesh alikuwa amekwisha kufungua kinywa apige kelele pale mlango uliposukumwa.

Omvir alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Aliinua kidole midomoni.

"Shh! Ndiyo kwanza amelala."

Mtoto alikuwa mikononi mwake, amefunikwa kwa kitambaa cha begani cha Omvir mwenyewe. Kando palikuwa na gazeti alilokuwa akimpepea nalo. Vidole vilikuwa na siagi, na masharubu pia.

Mithlesh alifunga kinywa. Nje bajaji ilipiga honi, ikapiga tena, lakini naye hakuwa mtu wa kumwamsha Gopal usingizini. Alichuchumaa.

"Kaka, amekula?" alinong'ona.

"Mara mbili. Mlimwacha na njaa, nyie."

Mithlesh alimchukua taratibu kutoka mikononi mwa Omvir, akamgusa Vidyavati shavu, akashuka ngazi kwa kunyata na mwili wake wote ule.

Omvir alibaki pale pale, mikono imepinda vile vile alivyokuwa amemshika, na ndani yake hamna kitu. Vidyavati aliitazama. Alikuwa ameiona mikono hiyo ikiwa hivyo mara moja tu, jioni ile Omvir aliporudi kutoka kumzika mtoto wao, naye siku hiyo hakujua cha kumwambia.

"Wetu je?" alisema Omvir bila kumtazama. "Umempata wetu?"

"Nimempata."

"Basi nipe."

Vidyavati alipiga magoti akamweka mikononi mwake, machozi yakimtiririka wala asiyafute.

"Mshike na kichwa," alimwambia. "Shingo yake bado laini."