Kipande cha Keki

Ukumbi mzima pale Madale ulikuwa unatetemeka! Muziki juu, vigelegele juu, na mimi Eliaichi, mama wa ubatizo wa Gladness, nimekaa meza ya mbele na kitenge changu cha sare, nimegeuza kiti upande ili nisichelewe kuinuka. Maana kwenye sendoff, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, yeye huwalisha keki watu wake wa karibu, mmoja mmoja, na MC huwaita kwa majina.

Wakaitwa wazazi. Wakaitwa bibi, shangazi na mama mkubwa. Akaitwa hata fundi aliyeshona gauni! Kisha MC akakunja karatasi yake na kutangaza chakula.

Mimi sikuitwa.

Nilikasirika, sitasema uongo. Miaka ishirini na minne namwombea yule binti, nimesimama naye kipaimara, halafu keki anakula fundi! Na baada ya chakula ilikuwa zamu yangu: kuwaongoza wamama wa kanisani, tuingie tukicheza, tumfunike Gladness khanga. Nikaamua watacheza bila mimi. Chakula kilipoisha nikachukua pochi yangu.

Mlangoni nikagongana na mama yake, Tusajigwe, jasho linamtiririka kwa kuhudumia wageni.

"Dada Eli, unaenda wapi tena? Zamu yenu hiyo! Mtoto anakusubiri wewe."

Nilimtazama usoni. Masikini, hakujua lolote. Hapo ndipo nilipoikumbuka siku ya ubatizo, kule Ukonga. Nilifika kanisani mchungaji ameshammwagia mtoto maji, kisa nilikuwa saluni nasuka nywele. Mimi, mama wa ubatizo! Tusajigwe alinisogelea, akanipa mtoto, akasema, "Mshike mwanao." Basi. Hajaligusia tena mpaka leo, hata kwa utani.

Na mimi, niliyeungama Jumapili na kusamehewa yangu yote, nashindwa kumsamehe mtoto kipande cha keki? Niliona aibu, kisha nikacheka peke yangu. Bwana Yesu, lichukue hili, nikasema moyoni, mimi nina kazi ya kucheza.

"Naweka pochi nakuja!" nikamwambia Tusajigwe.

Weee! DJ akafungulia, wamama nyuma yangu, khanga juu, tukaingia kwa vigelegele mpaka wahudumu wakaweka sinia chini na kupiga makofi. Nilicheza nikasahau magoti yangu. Furaha ilinijaa mpaka machozi yakanitoka.

Tulipomfunika Gladness, alinikumbatia. Ghafla akakakamaa mikononi mwangu, akaniangalia kwa hofu.

"Mama! Keki! Jamani, sijakulisha keki, nimekusahau wewe..."

"Keki gani?" nikamuuliza, nikamshika kiuno. "Cheza, mwanangu!"