Bunduki Ndogo ya Bata Mzinga

Huku kwetu milimani Missouri watu wanabishania bunduki za bata mzinga kuliko wanavyobishania dini, na mimi nimebishana mpaka nimechoka. Miaka yote nilibeba bunduki kubwa, namba kumi na mbili, mtutu mrefu, ile ikilia meno yanagongana mdomoni. Sikuwahi kutaka nyingine.

Sasa, mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Na mwaka juzi, majani yakianza kudondoka, moyo wangu ukaanza uvivu. Unapiga, unasahau, unakumbuka, unapiga tena. Hospitali wakanichana kidogo hapa chini ya mtulinga wa kushoto, wakaniwekea kidude cha kuukumbusha kazi yake. Kidude chenyewe ukikigusa unakisikia chini ya ngozi, kama kifungo cha koti. Na kitako cha bunduki yangu kinakaa hapo hapo.

Yule daktari, binti mpole, aliniambia nikishapona vizuri naweza kupiga bunduki, ila isiwe ya kunisukuma. Ile kubwa ingeweza kuvuta nyaya zilizoingia kwenye moyo. Akasema nijaribu bega la kulia. Nilijaribu. Jicho langu la kulia halijui kulenga, nikawa kama mtu anayejinyoa kwa kutazama uso wa jirani.

Mke wangu Oleta alitaka niache kabisa. Hakupiga kelele, yeye si wa kelele. Alisema tu kwamba amelala kwenye kiti cha hospitali vya kutosha. Nikamwelewa. Lakini ng'ombe nilishauza, shamba analima mtu mwingine, na miti ikichipua ni hao bata tu wanaonitoa kitandani kabla ya jua. Nikiwaacha hao, nitaamkia nini? Tukazungumza jioni nyingi, mpaka tukafika mahali. Nitafute bunduki ndogo ambayo daktari ataikubali, niwinde nayo msimu mmoja. Kifua kikiuma hata kidogo baada ya risasi, bunduki zote zinakwenda kwa kaka yake, Hoyt, na hatutaongea tena habari hizo.

Basi Hoyt ndiye aliyenipeleka dukani. Huyu shemeji yangu ni mtu mzuri, ila mdomo wake haujawahi kupumzika. Mwenye duka akatuwekea mezani namba ishirini, maana kwa bunduki hizi namba ikipanda bunduki inapungua, nikaibeba, nikaiona bado ina hasira. Halafu akaleta ile ndogo kabisa, wanaiita foteni, mtutu mmoja, unaikunja katikati unatia risasi moja basi. Hoyt akaitazama kama mtu aliyeletewa supu baridi.

"Shemeji, hiyo tulipewa tukiwa watoto tukaulie kindi," akasema. Kindi ni hao wa kwenye miti, wenye mikia ya manyoya. "Bata akiisikia atadhani umepiga chafya."

"Acha adhani," nikamwambia. "Akishasema afya nitakuwa nimemuua."

Mwenye duka akacheka, akanishauri nisichukue ile nyepesi, maana bunduki nyepesi ndiyo inayorusha teke. Nikachukua iliyo nzito kidogo; nilipomweleza daktari, akaikubali. Risasi nazo ni habari nyingine. Zamani punje zilikuwa za madini ya risasi, kubwa kubwa, na foteni isingemwangusha bata wa mbali. Siku hizi kuna punje za tangsteni, ndogo kama chembe za mtama, lakini nzito ajabu, zinafika mbali bado zina nguvu. Bei yake sitaitaja, Oleta yupo jikoni anasikia.

Kisha kuna kile kibomba unachokifunga kwenye mdomo wa mtutu ili punje zisitawanyike. Hoyt akasema nichukue kinachobana kuliko vyote, kwa sababu bunduki changa haitakiwi kutapanya mali. Hapo alisema kweli, au mimi niliona amesema kweli.

Huku hatuendi porini na bunduki ambayo hatujaipigia karatasi. Ni aibu kumjeruhi bata akaenda kufia vichakani. Tukabandika karatasi ya dukani yenye kichwa cha bata, tukasogea hatua arobaini, nikapiga. Bega lilihisi kama limeguswa na paka. Karatasi ikawa na matundu kichwani na shingoni mpaka Hoyt akakaa kimya, na nyinyi hamumjui, lakini kile kimya ni kama cheti. Tukapiga tena, ikawa vile vile. Tukaenda kula.

Msimu ukafunguliwa. Niliegemea mwaloni kukiwa bado giza, mgongo unauma, magoti yanauma, wavu usoni unaniwasha. Bata dume akaguruma juu ya mti wake bondeni. Nikakwaruza kisanduku changu cha mbao cha kuitia bata, polepole, sauti ya jike lililoamka vibaya. Akajibu. Nikanyamaza, maana dume ukimbembeleza sana anasimama kukusubiri wewe.

Nilisinzia, siwafichi. Nilipofumbua macho alikuwa mbele yangu, si hatua arobaini, si ishirini. Alikuwa karibu sana ningeweza kumtemea mate, amejitandaza mkia, kichwa chekundu na buluu. Nikamlenga shingo, nikabonyeza.

Hakuanguka. Alinyoosha shingo tu, akatazama huku na huku, kama mtu aliyeitwa jina asijue na nani. Nikaikunja bunduki, vidole vikawa vizito, risasi ya pili ikakataa kuingia. Ilipoingia, yeye alishanigeuzia mgongo anakimbia. Mgongoni ningemjeruhi tu. Nikaishusha. Nikakagua pale aliposimama, hakuna unyoya, hakuna damu. Nikakaa tena chini, si kwa kuwinda, ni kwa uchovu tu.

Nyumbani Oleta alinipokea mlangoni. Hakuuliza bata. Aliingiza mkono ndani ya shati langu, akapapasa kile kidude, akaniangalia usoni.

"Kifua?"

"Hakijasema kitu, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Bata naye hakusema kitu. Nimemkosa."

Naamini alikuwa anatamani kifua kingesema neno, dogo tu, yaishe. Akanimiminia kahawa, akaweka mikate na mchuzi wa soseji, akampigia kaka yake simu mwenyewe. Hoyt akaja na kicheko chake tayari, akaniuliza kama bata alisema afya. Nikamsimulia ile karibu ilivyokuwa karibu, kicheko kikamwisha katikati.

Tukatoka nyuma ya ghala. Safari hii nikasimama hatua kumi, nikapiga ubao mtupu. Punje zote ziliingia tundu moja, upana wake kama mdomo wa kikombe. Tulikuwa tumeipigia mbali tu, kwa sababu sote wawili tuliogopa umbali. Karibu hivyo, kwa kibomba kile, ukitetemeka kidogo unapiga hewa, na mimi mkono unatetemeka siku hizi.

Hoyt akakifungua kile kibomba, maana vidole vyangu vilishagoma, akafunga kile kisichobana kilichokuja na bunduki, ili punje zitawanyike kidogo. Hakunitania. Ningependa angenitania.

Karatasi za dukani zilikwisha. Oleta alikuwa amesimama pale na koti langu mkononi, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa unga aliouchana na kuuchorea kichwa cha bata kwa mkaa. Kichwa kikubwa kama cha ndama. Akaubandika mwenyewe kwenye ubao.

Nikamwambia bata wa hivyo hayupo Missouri nzima.

"Wewe piga tu, mzee," akasema, "uje ulale. Kesho utaamka mapema."