Fimbo za Mkono wa Kushoto

Kuanzia theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapoanza kupukutika, Rita hakuwa na mume siku za Jumamosi. Mume alikuwepo, tena mzima wa afya na mwenye tabia njema, ila Jumamosi alikuwa mali ya gofu. Njuguna aliamka mapema kuliko siku za kazi, akapakia mfuko wake wa fimbo kwenye gari, akaondoka mtaani kwao Spånga, huko kwa Waswidi, akipiga mluzi. Jioni alirudi pua imeungua na jua, na hadithi tele za mipira iliyokaribia kuingia shimoni. Rita alizisikiliza zote. Kwa jinsi alivyoelewa yeye, mpira uliokaribia kuingia ni mpira ambao haukuingia, lakini hakuwahi kumwambia.

Zamani jambo hilo halikumsumbua. Nyumba ilikuwa na Daisy, binti yao wa pekee, na Daisy peke yake alitosha kuijaza Jumamosi mpaka ikamwagika. Kisha Daisy akaenda kusoma mji wa mbali, Göteborg, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba Rita alianza kusikia friji ikiguna jikoni. Alikaa na friji ile Jumamosi nyingi. Mwishowe, majira ya joto ya mwaka jana, akaamua kwamba ikiwa mume haji kwake, yeye atamfuata mume huko huko aliko. Angejifunza gofu.

Njuguna alifurahi kuliko Rita alivyotazamia. Alimpa fimbo zake za zamani, akamfundisha kusimama, kushika na kukunja magoti. Rita alifuata kila neno, na mpira ukakataa kila neno. Alipiga nyasi. Alipiga hewa. Siku moja alipiga kibao kilichokataza watu kupiga upande ule. Njuguna hakumcheka hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma, maana Njuguna ni mtu wa kucheka. Ukimwona ameacha kucheka ujue ameanza kukuhurumia. Akawa anasema kwamba fimbo zile ni ndefu mno na nzito mno, kwamba wakinunua za kike zinazomtosha mambo yatakaa sawa. Rita alikubali, lakini moyoni aliweka nadhiri: hizo nazo zikishindwa, basi. Angeachana na gofu, na Jumamosi zake angeikabidhi friji.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Njuguna hakulijua. Rita alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Kwao Wundanyi, huko milima ya Taita, mtoto aliyepokea kitu kwa kushoto aliambiwa hana adabu, na msichana aliyepakua chakula kwa kushoto aliambiwa atarudishwa na wakwe kabla sufuria haijapoa. Samaki mkunje angali mbichi, na mama yake Rita alimkunja wake. Alichukua kipande cha leso, akamfunga mkono wa kushoto kiunoni, hadi wa kulia ulipojifunza kula, kuandika na kuwaamkia wakubwa. Hakufanya kwa ukali. Jioni alikuwa akiufungua na kuusugua mkono ule kwa mafuta, kisha asubuhi anaufunga tena.

Lakini mkono uliofungwa haukufa. Kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee kule Hagsätra, ambako hakuna mtu wa Wundanyi, Rita aliwanyoa wazee ndevu kwa kushoto na hakuna mzee aliyewahi kulalamika. Nyumbani, akiwa peke yake, alisonga sima kwa kushoto. Akiingia mtu, hata mumewe, mwiko ulihamia kulia wenyewe, bila Rita kuamua lolote. Njuguna, ambaye sima kwake ni ugali na ugali kwake ni suala la kitaifa, alikuwa na msemo wake kwamba ugali wa Jumamosi ni laini na ugali wa Jumapili una mawe. Aliamini ni unga. Kwa sababu hiyo aliwahi kulihama duka moja la mtaa wa Hjulsta na kuhamia la jirani yake, masikini ya Mungu, na mawe yakamfuata huko huko.

Mwezi wa nne mama yake Rita alikuja kuwatembelea. Njuguna alipotangaza kwamba siku hiyo wanakwenda kununua fimbo, Mama alivaa koti lake jipya akasema naye yumo. Alitaka kuziona fimbo za kununuliwa kwa pesa, wakati msitu umejaa fimbo hapo nyuma ya nyumba.

Duka lilikuwa kubwa kama kanisa. Ukuta mzima, toka mlangoni hadi mwisho, ulikuwa wa fimbo za mkono wa kulia; za kushoto zilikuwa chache tu, zimesukumwa pembeni nyuma ya viatu. Muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, hakuwa na haraka. Alimpima Rita kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni ili ajue urefu wa fimbo, akampima kiganja ili ajue unene wa mpini, akaeleza kwamba mtu anayeanza hahitaji fimbo zote kumi na nne, nusu yake inamtosha, na kwamba mpini mwepesi unaopinda kidogo humsaidia asiye na nguvu nyingi. Rita hakuwa anasikiliza vizuri. Alikuwa ameona seti ya kulia yenye urembo wa zambarau, na mfuko wa zambarau, na tayari alikuwa anajiona uwanjani akiukokota.

Kabla hajampeleka kwenye wavu wa kujaribia, yule muuzaji alichukua mpira akamrushia Rita bila kumwonya. Rita akaudaka kwa mkono wa kushoto.

"Vänsterhänt?" muuzaji aliuliza. Wewe ni wa kushoto?

Rita alijibu hapana, tena upesi, na mpira akauhamishia mkono wa kulia kana kwamba ulikuwa unaunguza. Njuguna aliangua kicheko. Alimgeukia mkwewe akamtafsiria, eti huyu muuzaji anadhani Rita ni wa kushoto, kisha akamwambia muuzaji kwa Kiswidi kwamba ameishi na mwanamke huyu miaka ishirini na sita, na kama ni hivyo angejua. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na Njuguna alikuwa amesimama katikati ya usiku huo anatabasamu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha kujaribia viatu, mkoba mapajani. Yeye hakucheka.

Muuzaji hakubishana. Alisema wapo wa kushoto wengi wanaocheza kulia na wanacheza vizuri, na wapo wa kulia wanaocheza kushoto. Hakuna sheria, mwili wenyewe ndio husema unataka kuzungukia upande gani. Akampa Rita fimbo ya chuma namba saba, ya kulia, mojawapo ya zile za zambarau. Rita alipiga mara kadhaa. Mpira ulikwenda pembeni, ukagonga fremu ya wavu, ukarudi miguuni mwake. Muuzaji akaenda nyuma ya viatu akaleta namba saba ya kushoto, fimbo ya majaribio iliyochakaa, haina urembo wowote. Alimwomba aijaribu, kwa kulinganisha tu.

Rita aliipokea. Alijua mikono inapaswa kukaa vipi: wa kulia juu, wa kushoto chini. Mikono haikukubali. Alihisi macho ya mama yake kisogoni, na mkono wa kushoto ukajitoa wenyewe kwenye mpini ukaenda kukaa ubavuni, pale pale ulipokuwa ukifungwa. Mwanamke wa miaka hamsini na ushei, anayeendesha gari kwenye barafu, aliyewafumba macho wazee wa watu waliofariki kwa mikono hiyo hiyo, alikuwa anaogopa kuonwa na mama yake. Aliona haya, na haya yenyewe ikamtia hasira.

Akamrudishia muuzaji fimbo ile, kwa mkono wa kulia kama inavyopasa, akasema atachukua za zambarau. Njuguna akatoa kadi yake mfukoni. Rita aliiangalia kadi ile akajua kwamba amekwisha kuikosa Jumamosi, na kwamba ameikosa mwenyewe, hakuna aliyemnyang'anya.

"Rita," Mama aliita kutoka kwenye kiti chake. Kwa kawaida wakiwa wawili walizungumza Kitaita, lakini sasa alisema Kiswahili, ili mkwewe naye asikie. "Ile leso niliifungua ukiwa darasa la tatu. Kumbe wewe bado unayo."

Rita akageuka kumtazama.

"Niliifunga ili ukienda kwa watu usirudishwe," Mama aliendelea. "Hukurudishwa." Akamtazama Njuguna kuanzia viatu mpaka kofia, kwa utulivu, kama mtu anayekagua sufuria iliyodumu. "Baba Daisy huyu hawezi kukurudisha tena, ameshazeeka naye. Shika fimbo kwa mkono wako."

Njuguna aliwaangalia wote wawili, kadi bado mkononi, akauliza ni leso gani. Rita akamweleza pale pale kati ya viatu na mipira, kwa maneno machache, maana mambo kama hayo yakikaa sana tumboni hutoka yakiwa mafupi. Njuguna alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akashika kichwa.

"Ugali wa Jumamosi," alisema polepole.

Rita akaitikia kwa kichwa, na Njuguna akakaa chini kwenye kiti cha pili cha viatu. Aliwaza yale maduka ya unga ya Hjulsta, na bila shaka aliwaza mengine pia, kwa sababu alipoinua uso hakuwa na mzaha. Alimuuliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo. Aliuliza kwa upole, lakini ilikuwa wazi kwamba ameumia.

"Mkono huu niliwaficha watu wa nyumbani," Rita alisema. "Na wewe ndiye nyumbani kwangu."

Muuzaji hakuelewa neno hata moja, lakini alikuwa mtu wa busara. Alikwenda akajifanya anapanga glavu. Rita akaichukua tena ile fimbo iliyochakaa. Safari hii mkono wa kushoto ulishuka chini ya wa kulia ukatulia. Pigo la kwanza lilikwaruza mkeka. La pili liliupata mpira katikati, na sauti yake ilikuwa safi na fupi, mpira ukaenda mbele, haukwenda pembeni, ukazama kwenye wavu. Haukuwa mpira wa ajabu. Wachezaji wa kweli wasingegeuka kuutazama. Rita aliutazama mpaka ukaacha kutikisa wavu, kisha akaomba mwingine.

Kuchagua kulichukua muda mrefu, kwa sababu za kuchagua zilikuwa chache. Nyingi za kushoto zilikuwa za wanaume, mipini yake migumu na mirefu, na Rita akazikataa. Mwishowe walipata namba saba na namba tisa zilizomtosha, fimbo moja ya kichwa kinene ya kupigia mbali, moja ya kutolea mpira kwenye mchanga, na moja fupi ya kuusukumia shimoni. Zote zilikuwa nyeusi, hazina urembo. Nyingine ilibidi ziagizwe. Njuguna alisema kwamba mtu mwenye fimbo nyeusi hahitaji mfuko wa zambarau. Rita alisema anauhitaji kabisa, na mfuko ukaja nyumbani. Mama alizikagua fimbo moja moja njia nzima, na walipofika Spånga alitoa hukumu kwamba ya mchangani ingefaa kwa kupalilia.

Jumamosi walikwenda kwenye uwanja wa mazoezi wote watatu. Jua lilikuwepo, joto halikuwepo, kama ilivyo desturi ya mji huu. Mama alikaa kwenye benchi na chupa ya chai, blanketi magotini, akiwahesabia watu asiowajua makosa yao.

Mikeka ya kupigia imepangwa mstari mmoja, na watu wote wa kulia husimama wakielekea upande mmoja, kila mmoja akitazama mgongo wa mwenzake kama walio kwenye foleni ya benki. Majira yote ya joto yaliyopita Rita alijifunza gofu akiangalia mgongo wa Njuguna, na Njuguna akimwona Rita pale tu alipogeuka kumsahihisha. Safari hii Rita alichukua mkeka ulio mbele ya ule wa mumewe. Akaweka mpira, akasimama kama anavyosimama mtu wa kushoto, akainua macho, na hapo mbele yake, karibu kiasi cha kumwazima kitambaa cha pua, alikuwapo Njuguna ameelekea kwake, ana kwa ana. Katika mstari wote ule ni wao wawili tu waliotazamana.

Rita akapiga. Mpira ukaenda ulikokwenda. Njuguna alikuwa ameinama juu ya mpira wake muda mrefu, fimbo imetulia, hapigi.

"Angalia mpira, Baba Daisy," Rita akamwambia.

"Naangalia," Njuguna akajibu, macho yake yakiwa usoni pa mkewe.